Magari Thelathini na Moja ya Mjomba Arlis

Mjomba wangu, Arlis Haddix, hakuwahi kuuamini mkanda alioukaza mara moja tu. Akishapandisha gari kwenye tela na kulifunga magurudumu yote manne, alilizunguka akiupiga kila mkanda kofi na kusikiliza unavyolia. Kisha aliendesha maili moja, akasimama kando ya barabara, akashuka, akazunguka tena.

"Gari linakaa," alikuwa akiniambia. "Likishakaa, mkanda unapwaya. Kama suruali ya mtu aliyetoka kuumwa."

Pikapu yake ilikuwa ya kijani, ya ukubwa wa kati, rangi imepauka kwenye boneti mahali paka alipopenda kulala. Wanaume wengi wa Lick Branch walikuwa na pikapu kubwa, na Hobert Deaton, jirani wa ng'ambo ya kijito, alikuwa na kubwa kuliko wote. Kila alipomwona Mjomba akiunganisha tela alitoka barazani kwake kumchokoza.

"Arlis! Leo nani anamvuta mwenzake?"

"Tunapokezana," Mjomba alijibu bila kuinua kichwa. "Kwenye milima mimi nashuka nasukuma."

Lakini aliijua pikapu ile kama mtu anavyomjua farasi mzee. Alijua mlima gani ataupanda kwa gia ya pili na mteremko gani atauanza taratibu kabla haujamwanza yeye. Chini ya usukani alikuwa amefunga wenzo mdogo wa breki za tela peke yake, na wenzo huo aliufuta vumbi kila asubuhi, ingawa dashibodi nzima aliiacha na vumbi lake.

Sisi wa Lick Branch, katika milima ya mashariki ya Kentucky, tulikuwa watu wa kwenda Ohio. Machimbo ya makaa yalipopunguza watu, vijana walipanda kaskazini kwenye viwanda vya Dayton, wakatengeneza friji na matairi na breki za magari. Ijumaa jioni walipotoka kazini waliwasha magari yao na kurudi kusini. Jumapili waliondoka tena. Waliishi Dayton siku tano na Lick Branch siku mbili, na ukiwauliza habari za maisha yao walikusimulia zile mbili.

Mtu wa kwetu alipofia Ohio, mwili ulirudishwa na gari la mazishi, na gari lake lilirudishwa na Mjomba Arlis. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwaka 1966, alipofariki kaka yake Cleon. Mjomba alipoingia na gari la Cleon juu ya tela la kuazima, bibi yangu alikuwa amesimama barazani, mikono ndani ya aproni. Hakuuliza kama lilikuwa zima. Aliuliza, "Njia nzima lilikuwa linatazama wapi?"

"Huku, Mama."

"Vizuri. Asirudi nyumbani kinyumenyume mwanangu."

Tangu siku hiyo ikawa sheria. Gari la mtu wa kwetu linapanda telani uso mbele, linatazama nyumbani njia nzima. Mjomba aligongomea ubao mnene wa mwaloni mbele ya tela lake mwenyewe, mahali pa magurudumu ya mbele kukomea, na hakuusogeza tena. Alirudisha magari ya binamu, ya wajane, ya watu aliosoma nao. La baba yangu lilikuwa la kumi na tisa. Hakutaka malipo, alitaka tanki lijazwe, na sahani ya maharage na mkate wa mahindi akifika. Kufikia masika ya mwaka 1997 alikuwa amerudisha magari thelathini na moja, na wenye magari hayo wote walikuwa wamelala kilimani, nyuma ya kanisa.

Ndipo mama yangu alipompigia simu.

Mama yangu, Zella, alikuwa dada yake, amemzidi miaka miwili. Aliondoka Lick Branch akiwa na miaka ishirini na mitatu na koti moja. Mwaka wa pili alijinunulia gari, Volkswagen ndogo ya mgongo wa kobe, buluu ya maziwa, na miaka yote aliyoliendesha kwenda nyumbani kila Ijumaa, watu wa bondeni waliujua mlio wake kabla halijafika darajani. Sasa alikuwa na miaka sitini na miwili. Presha ya macho ilikuwa imemla kuona kwake kutoka pembeni, ikamwachia tundu dogo katikati. Gari lilikuwa limekaa gereji miaka mitatu bila kuwashwa. Mjomba alikuwa amefiwa na mke wake, Delphia, na nyumba ya bibi ilikuwa na vyumba vinne na mtu mmoja.

"Nitakuja kukaa," Mama alimwambia kwenye simu. "Lakini siji kama furushi. Nakuja na kitu changu nilichokinunua kwa mikono yangu. Gari langu likifika zima, nimefika. Likiharibika njiani, unanirudisha Dayton kwa Darla, na hatutalizungumza tena."

Darla ni mimi. Nilikuwa nimesogeza sikio kwenye simu, nikamsikia Mjomba akivuta pumzi.

"Nimekubali, Dada," alisema.

Alifika Dayton Ijumaa asubuhi, wiki ya mwisho ya Mei, ili tuwahi Jumapili ya kupamba makaburi. Alikuwa amevaa shati jipya. Mikunjo ya kwenye pakiti bado ilikuwa kifuani. Nikampa kahawa, akaisahau kwenye ngazi. Wakati Mama yuko ndani anafunga vyombo, alinishika kiwiko.

"Darla, unajua nimewaza nini njia nzima? Huyu ni wa kwanza atakayeshuka mwenyewe."

Tulilivuta gari kwa winchi ya mkono, ile ya kuzungusha waya, likapanda polepole, uso mbele, mpaka magurudumu yakagusa ule ubao wa mwaloni. Kiti cha nyuma tulipakia cherehani ya chuma ya Mama na masanduku mawili ya mitungi ya matunda. Mama alitoka, akainama, akalizungusha tundu lake la macho kutoka tela hadi pikapu.

"Arlis. Injini ya hili iko nyuma."

"Najua iko wapi, Dada."

"Basi lingepanda kinyume. Uzito uje mbele."

"Gari la kwetu linapanda likitazama nyumbani."

"Na cherehani umeiweka nyuma pia."

"Dada, nimerudisha magari thelathini na moja."

"Hayo yote injini zilikuwa mbele!"

"Mama yetu alisema," Mjomba alijibu, na sauti yake ikawa ya mtoto. Mbele ya neno la bibi Mama akageuka kwenda kufunga mlango wa nyumba. Mjomba akakaza mikanda, akaipiga makofi, ikalia vizuri. Maili moja baadaye alisimama, akazunguka, akaurekebisha mmoja.

Nyanda za Ohio zilitupita salama. Tulikaa watatu kwenye kiti kimoja, mimi katikati, magoti yangu yakigombana na wenzo wa gia. Tulivuka mto mkubwa, tukala mkate wenye vipande vyembamba vya nyama uliofungwa kwenye karatasi, Mama akauliza kuhusu kila mtu mmoja mmoja. Mjomba alijibu. Lakini niliona anatazama kioo cha pembeni mara nyingi kuliko kawaida, na kwamba pua ya pikapu ilikuwa imenyanyuka kidogo, kama mtu anayenusa mvua.

Tela linataka uzito uwe mbele ya magurudumu yake, uilalie pikapu kidogo. Uzito ukikaa nyuma, mkia unakuwa bwana. Mjomba alilijua hilo kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua.

Milima ilianza. Kwenye mteremko mrefu wa kwanza lori lilitupita, na upepo wake ukalisukuma tela mara moja tu, kwa upole, kama mtu anayemgusa mwenzake bega. Tela likaenda kushoto. Likarudi kulia, zaidi. Likaenda kushoto tena, na safari hii pikapu nzima ilifuata, na nikaona barabara ikihama kutoka kioo kimoja kwenda kingine.

"Arlis," alisema Mama.

"Nyamaza kidogo, Dada."

Aliuinua mguu kwenye mafuta. Breki ya mguuni hakuigusa. Usukani aliushika wima, hakupigana nao, na mkono wa kulia ukashuka kwenye ule wenzo mdogo na kuuminya kidogo, akaachia, akauminya tena. Tela lilivutwa kwa nyuma, likanyooka. Kitu kizito kiligonga mbao nyuma yetu. Kisha kukawa na sauti ya matairi tu, na pikapu ikitambaa mpaka kwenye uwanja wa kokoto mbele ya kibanda cha matunda kilichofungwa.

Hakuzima injini mara moja. Mikono yake ilitulia juu ya usukani, na mikunjo ya shati jipya ilikuwa imelowa.

Alishuka peke yake, akakaa nyuma muda mrefu. Mama alikuwa ametazama mbele, kidevu juu. Aliporudi, Mjomba alikuja upande wa Mama, akafungua mlango.

"Dada."

"Sema."

"Mkanda wa mbele ulilegea, gari likapanda ubao, likagonga chuma cha mbele ya tela. Taa ya kushoto imevunjika, na chini yake pamebonyea."

Mama alinyoosha mguu kutafuta chini. Mjomba alimshika mkono, akamteremsha, akampeleka mpaka kwenye tela, akakichukua kiganja chake na kukiweka juu ya bati lililobonyea. Shimo lilikuwa la kuingia ngumi. Vidole vya Mama vilizunguka ukingo wake, vikapanda kwenye taa, vikasimama penye kioo kilichopasuka.

"Ningeweza kunyamaza," alisema Mjomba. "Usingeliona mpaka mtu akwambie."

"Hobert angeniambia kabla sijashuka."

"Ndiyo. Lakini ungekuwa umeshafika."

Magari yalipita. Mama aliufuta mkono wake kwenye gauni.

"Nilikwambia nini asubuhi?"

"Injini iko nyuma."

"Ukanijibu nini?"

"Nilisema najua iko wapi."

"Haya. Iko wapi?"

"Iko nyuma, Dada."

Niligeuka kutazama kibanda cha matunda, maana nilitaka kucheka na kulia, na sikujua kipi kingetoka kwanza.

"Neno lako nililikubali," Mjomba aliendelea. Alikuwa amevua kofia, na nywele zake chache zilikuwa zimebanwa duara. "Ukisema nikurudishe, nakurudisha leo hii."

"Kwanza ligeuze hili gari. Iwe Dayton au nyumbani, sikai tena mbele ya kitu kinachotikisa mkia namna hii."

Mjomba alilitazama gari, akautazama ubao wake wa mwaloni.

"Mama alisema..."

"Mama hakuwahi kuendesha gari maisha yake yote, Arlis. Ligeuze."

Tukaliteremsha. Niliingia nikashika usukani, Mjomba akasukuma kutoka mbele, na Mama akaja akaweka bega lake kando ya bega la mdogo wake.

"Dada, toka. Utaumia."

"Nimesukuma friji miaka thelathini. Wewe sukuma upande wako."

Tulilizungusha kwenye kokoto mpaka mgongo wake ukaelekea pikapu. Mjomba aliung'oa ubao kwa nyundo. Ulitoka na misumari minne iliyopinda, akaiweka misumari mfukoni. Kisha winchi ikalia, tiki, tiki, tiki, na gari likapanda kinyumenyume, injini ikaja mbele, na pikapu ikakaa chini kwa adabu. Cherehani tuliihamishia ndani ya pikapu. Mjomba alikaza mikanda, akaipiga makofi. Alipofika mbele ya gari, ambako sasa ndiko nyuma, alisimama akalitazama usoni, taa moja nzima na moja imevunjika, likitazama Ohio.

Baada ya hapo tela lilitufuata kama maji ndani ya ndoo iliyobebwa vizuri. Mjomba alipofika pa kutokea, penye njia ya kurudi kaskazini, alipunguza mwendo mpaka nyuma yetu mtu akapiga honi.

"Hapa ndipo pa kugeuzia, Dada."

"Endesha."

"Kwa hiyo unakaa?"

"Sikusema nakaa. Nimesema endesha."

Tulifika Lick Branch jua bado liko juu ya kilima. Kutoka barabara ya lami mpaka nyumbani ni nusu maili ya njia nyembamba, mwamba upande huu, kijito upande ule, na nyumbani hakuna nafasi ya pikapu kugeuka ikiwa na tela. Kwa hiyo Mjomba siku zote aliingia kwa rivasi, nusu maili nzima, mkono mmoja chini ya usukani, kichwa kimegeukia nyuma. Watu walikuwa wakitoka nje kumtazama tu. Siku hiyo alitoka Hobert Deaton, glasi ya maziwa mkononi.

"Arlis! Hilo gari linakuja au linaondoka?"

"Muulize mwenyewe," alisema Mjomba, asimtazame.

"Zella! Ni wewe? Gari lako limepigwa ngumi!"

"Hobert!" Mama alitoa kichwa dirishani. "Hata sijakuona nimekusikia. Bado una mdomo ule ule?"

"Ule ule. Meno ndiyo mapya!"

Mama alicheka. Mjomba aligeuka haraka kumtazama, na tela likaenda kando inchi chache, likakwangua majani ya mwamba. Akalirudisha.

Tulipoingia uani alivuta breki ya mkono, akashuka, akateremsha njia mbili za chuma za kupandia. Nilikuwa naenda kushika usukani wa gari, Mama akanizuia.

"Mimi."

"Mama, huoni."

"Naona katikati. Katikati kunatosha."

Mjomba alinitikisia kichwa nimwache. Alimsaidia kupanda telani, akamwingiza, akamfungia mlango kwa mikono miwili kana kwamba umetengenezwa kwa ganda la yai. Kisha akaenda kwenye winchi na kuanza kulegeza waya, jino baada ya jino.

Gari lilianza kushuka. Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za baraza, nikaliona likinijia uso kwa uso, ile taa moja nzima na ile moja iliyovunjika, na nyuma ya kioo sura ya mama yangu, shingo imenyooka, mikono juu ya usukani mahali alipoizoesha tangu ujana. Baraza la bibi lilikuwa jeupe, na jua lilikuwa limelipiga. Nilijua baraza lilikuwa linaingia lote katika lile tundu lake la macho. Magurudumu ya mbele yaligusa udongo wa uani kwanza.

Mama hakushuka. Mjomba alikuja akasimama dirishani, akipangusa grisi kwenye suruali.

"Arlis," alisema Mama. "Wale wengine. Hapa uani ulikuwa unaingiaje?"

"Hivi hivi, kwa rivasi. Na kwao pia. Mabondeni kote njia ni nyembamba."

"Na magari yalikuwa yanatazama pikapu."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo hapa mlangoni walikuwa wanatazama barabara. Wakashushwa..."

Mjomba aliacha kupangusa grisi. Alilitazama tela, akaitazama njia nyembamba, kama zile alizozipita mara thelathini na moja, akalitazama gari lililosimama mbele ya ngazi kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

"Kwa mgongo," alisema. "Wote. Hata Cleon."

"Hata mume wangu."

"Dada, mimi nilikuwa natazama vioo tu. Sikuwahi..."

Alikaa kwenye ukingo wa tela. Mabega yake yalianza kutikisika, na kwa muda sikujua kama ni kicheko. Ilikuwa vyote viwili. Mama alifungua mlango wa gari lake mwenyewe, akatoka, akapapasa boneti mpaka penye shimo, akalipitisha kidole gumba.

"Hili halitengenezwi," alisema. "Liache. Darla, leta masanduku. Na nyinyi, nani ameloweka maharage?"

"Mimi, alfajiri," alisema Mjomba kutoka telani.

"Umeweka chumvi?"

"Kidogo."

"Kwenye kuloweka? Mungu wangu. Inabidi nikae."

Jumapili tulipanda kilimani na maua ya karatasi na reki. Watu waliimba, waliosha mawe, wakatandika vitambaa vya chakula kwenye majani. Mjomba hakukaa kula mapema. Nilimwona anapita kaburi hadi kaburi, kofia mkononi, anasimama kidogo kwa Cleon, kidogo kwa baba yangu, kidogo kwa binamu na wajane, midomo ikisema maneno machache yale yale. Nilimkaribia nikamsikia.

"Nilikushusha kwa mgongo. Ulikuwa ujinga wangu. Utanisamehe."

"Arlis Haddix!" Mama alimwita kutoka kwenye kitambaa chetu, uso wake umegeukia upande wa sauti. "Acha kuwasumbua watu. Walijua wako kwao. Njoo ule, keki inaliwa na Hobert."

Alivaa kofia yake, akaja.